Fungate ya Siku Tatu

Kisa hiki ni cha maharusi wawili niliowapokea bandari ya Mkoani, Pemba, Jumatatu ya Aprili 29, 2024. Nimekisimulia barazani mara nyingi, na kila mara wasikilizaji hugawanyika. Wapo wanaomlaumu bwana harusi, wapo wanaomlaumu bi harusi, na wazee wote humlaumu yule mwenye gari, yaani mimi. Wenyewe wameniruhusu nikiandike, mradi nisiwataje majina.

Mimi napanga safari za watu wanaokuja Pemba. Wazungu wana watu wao. Wangu ni wa Dar es Salaam, Tanga, Unguja, mara nyengine Mombasa. Wengi huja kwa harusi, kwa msiba, au kwa kesi ya shamba la urithi. Siku hizi wanakuja na maharusi, wanaotaka fungate ya kusafiri.

Bwana harusi alinipigia mwezi wa Februari. Asili yake Tabora, amekulia Dar, mhasibu, na hata kabla hajaniambia kazi yake niliihisi, maana alikuwa na jedwali. Ndoa Ijumaa ya Aprili 26, siku ya Muungano, watu wote wako mapumzikoni. Walima Jumamosi. Jumapili boti hadi Unguja na kulala Mji Mkongwe. Jumatatu Pemba, usiku sita katika hoteli ya ufukweni upande wa Makangale, kaskazini kabisa mwa kisiwa. Jumapili Mei 5 kurudi, Jumatatu kazini. Kila siku ilikuwa na shughuli yake: msitu wa Ngezi, popo wa Kidike, kisiwa cha Misali, magofu ya Mkama Ndume pale Pujini. Nikamuuliza bajeti, akanitajia. Nikamuuliza wanachokula, akasema kila kitu ila yeye pweza hapana. Nikamuuliza kama wanajua kuogelea. Sikumuuliza kwa nini amechagua Pemba.

Ningemuuliza angenijibu, kwa sababu baadaye alinijibu bila kuulizwa: "Mke wangu kwao Wete," yaani mji wa huku huku Pemba.

Kabla sijafika huko niseme la mvua, maana ndilo watu hulikimbilia kwanza. Ni kweli kwamba mwisho wa Aprili Pemba ni masika. Kaskazi imeshakufa, kusi haijashika vizuri, na baina yao mbingu hufunguka. Lakini anayemwambia Muislamu wa pwani asioe masika ajue anachokisema. Ndoa nyingi hufungwa Shaaban, kabla ya mwezi kuingia, au husubiri Mfunguo Mosi, mwezi wa baada ya Ramadhani. Mwaka ule Idi ilikuwa Aprili 10, kwa hiyo Mfunguo Mosi wote ulikaa ndani ya mvua. Mwaka uliofuata Idi ikawa Machi 31, na hali ni ile ile. Mwaka wa mwezi huupungukia ule wa jua kwa siku kumi na moja hivi, basi lazima miaka kadhaa ipite ndipo harusi za Idi zirudi nyuma hadi Februari, kwenye kaskazi na jua. Nani atasubiri hivyo? Nilimwambia bwana harusi kuwa kutanyesha. Akasema mvua ni baraka. Tukaliacha hapo, na hadi leo sioni kosa katika hilo.

La boti nalo lilikuwa na maneno yake. Mama wa bi harusi alitaka wapande ndege, kwa sababu kwa mtu wa Pemba njia ile haijasahauliwa tangu Septemba 10, 2011, MV Spice Islander ilipozama ikitoka Unguja kuja huku. Tiketi za boti zilikuwa zimeshakatwa. Unguja imekaa kwenye kina kifupi pamoja na bara. Pemba iko peke yake ng'ambo ya maji marefu, na ukishaipita Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, mkondo unakuambia wazi kuwa umeshatoka uani. Bi harusi alitapika kuanzia hapo hadi Mkoani. Alishuka kajitanda kanga, hina ya harusi bado mbichi mikononi, uso kama jivu.

Katika boti ile alikuwamo mchuuzi mmoja wa Wete. Alimtazama yule msichana, akaona sura ya mama yake iliyo wazi kabisa. Gari yangu haijafika Chake Chake, habari imeshafika Wete.

Mimi sikujua. Tulikwenda zetu tukicheka. Bwana harusi alikuwa akinusa dirishani, akaniuliza harufu ya karafuu iko wapi. Nikamwambia mikarafuu ndiyo hiyo, kulia na kushoto, lakini msimu wa kuchuma haujafika. Harufu anayoitafuta utaikuta karafuu zikianikwa majamvini, barabara nzima. Aliitazama ile miti kama mtu aliyetapeliwa. Vilima, mabonde ya mpunga, migomba, minazi, mvua juu yake, kila kitu kijani mpaka macho yanachoka. Waarabu wa zamani walikiita Kisiwa cha Kijani na hawakukosea. Lakini yeye alikuwa na picha ya Nungwi kichwani: mchanga mweupe kila upande, viti vya kulalia, muziki. Pemba pwani yake kubwa ni mikoko na hori. Fukwe tunazo, ila lazima uzifuate, na moja katika zile kubwa jina lake ni Vumawimbi. Nilidhani jina linajieleza.

Jumanne tulikwenda Ngezi. Njia ya msituni ilikuwa tope la kuvuta viatu, lakini ile siku ilikuwa nzuri. Mivule mikubwa, ukungu, maji yanadondoka kutoka majani hadi majani. Walitembea mbele yangu wameshikana mikono, na mimi nikajifanya natafuta ndege. Alasiri mawimbi ya Vumawimbi yalikuwa yakivuma kama yalivyoitwa. Bi harusi alikaa juu ya gogo akiyatazama. Aliniuliza, bila kunigeukia, kutoka pale hadi Wete ni mwendo gani. Nikamwambia saa moja, kwa tope hili labda na robo. Akanyamaza. Nilimuona akihesabu kitu.

Jumatano ilikuwa ya Misali. Wazee husimulia kuwa Nabii Khidhri alifika pale akawaomba wavuvi mkeka wa kusalia, wakawa hawana, akasema basi kisiwa chenyewe ndio msala wangu, kwa vile kimeelekea kibla. Nilikuwa nimeshaiandaa hadithi, na pia habari za kasa wanaopanda kutaga. Nahodha akaitazama bahari, akanitazama mimi, akasema: "Leo siendi, na kesho siendi." Bwana harusi akauliza kama akiongeza pesa. Nahodha hakumjibu, akaenda kuvuta dau juu zaidi.

Wakarudi hotelini. Mvua siku nzima. Na hapa ndipo wasikilizaji wangu wa barazani husema: aa, ugomvi. Hakukuwa na ugomvi. Kwa anayejua mambo, hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Mhudumu mmoja aliniambia kuwa wale wageni wanaheshimiana sana, wanakula kimya, kila mmoja anamuuliza mwenziwe "unataka nini?" na mwenziwe anajibu "chochote utakacho wewe." Siku ya sita ya ndoa.

Usiku ule simu yangu ikalia. Namba siijui.

"Wewe ndiye uliyemchukua mjukuu wangu Mkoani?"

"Ndiye mimi, bi mkubwa. Shikamoo."

"Marahaba. Umempeleka wapi?"

"Hotelini, bibi. Makangale."

"Kwani hana kwao?"

Nina miaka mingi katika kazi hii na sijapata swali zito kama lile. Bibi aliendelea, bila kupandisha sauti. Chumba kimetengenezwa tangu Idi. Kitanda kimefungwa chandarua kipya. Singo ya kumsinga bi harusi imetwangwa. Kuku watano wamezuiliwa wasiuzwe. Somo yake yupo, amekuja kutoka Konde na mfuko wake, na sasa siku ya tatu amekaa barazani anangoja. Watu wanapita wanauliza bi harusi yuko wapi. "Niwajibu nini? Niseme yuko kwa watu, analala kwa pesa?"

Watu wa bara na vijana wa mjini wanisamehe nikilifafanua neno hili, maana limebadilika midomoni mwetu na hatukuagana nalo. Fungate ni saba. Ni neno la kale la kuhesabia, kabla hatujachukua "saba" kwa Waarabu. Fungate ya harusi ni zile siku saba ambazo mume huingia nyumbani kwa wazazi wa mke, wakawekwa ndani, wasitoke, wasipike, wasifagie. Chakula kinaletwa mlangoni. Maji ya kuoga yanaletwa. Anayeleta ni somo, yule mwanamke aliyemfunda bi harusi, na kazi yake si chakula tu. Somo ndiye mdomo. Bi harusi akiumwa, somo ndiye anayejua. Bwana harusi akitaka jambo na anaona haya, humwambia somo, na somo hulifikisha likiwa limevishwa nguo. Mke akichukizwa na jambo, mume huletewa habari kama hadithi ya mtu mwengine. Kwa siku saba, watu wawili wasiojuana vizuri huwa na mtu wa tatu mlangoni anayewachukulia maneno mpaka wazoeane kuyasema wenyewe.

Fungate ya hoteli imechukua jina, ikachukua na chumba na chakula cha kuletewa, lakini mtu wa mlangoni imemuacha. Hilo ndilo nililoliona katika kisa hiki. Wale wawili hawakukosa pesa, wala mapenzi. Walikuwa wakistahiana. Kila mmoja ana jambo moyoni na hana wa kumpa alipeleke.

Najua kwa sababu, bila kuomba, nikawa somo mimi.

Alhamisi asubuhi tulikwenda Konde kununua vocha na dawa ya tumbo. Mume aliposhuka tu garini, mke akasogea mbele. "Kaka, bibi amekupigia?" Nikamwambia ndiyo. Akafunika uso kwa viganja. Hadithi yake ilikuwa fupi. Mume alipomwambia "tutakwenda Pemba", yeye alifahamu wanakwenda kwa bibi. Akamwambia bibi, bibi akaanza kutengeneza chumba. Mwezi mmoja baadaye mume akamuonyesha picha ya hoteli kwenye simu, uso umejaa furaha, na akamwambia ameweka akiba mwaka mzima. Angemwambiaje? Akampigia bibi akamwambia watapitia mwisho wa safari. Bibi akasikia "mwisho" kama Jumanne.

Mchana, mke amelala, mume akaja kwenye gari. "Shemegi," akaniambia, maana tayari alinihesabu mtu wa ukweni, "hivi mimi nimekosea wapi?" Na yeye yake ikawa fupi. Alichagua Pemba ili amfurahishe mkewe. Lakini alisikia kwa rafiki zake kuwa ukifika ukweni fungate imekwisha: mama wakubwa, wajomba, watoto kumi na tano mlangoni, hamtapata kukaa wawili. Basi akatafuta hoteli ya mbali kabisa na Wete. Alikusudia amlete mkewe kwao na papo hapo amfiche na kwao. Nilipomuuliza kama amemwambia hayo, akasema hapana, angeona namchukia bibi yake.

Vijana wanaonisikiliza hapa huniambia, si wangezungumza tu? Wanalisema kama jambo rahisi. Walikuwa wamejuana miezi minane, mingi ya hiyo kwa simu, na mkutano wao wa faragha wa kwanza ulikuwa baada ya nikahi. Mtu wa namna hiyo hukuonyesha picha za hoteli kabla hajakwambia anachokiogopa. Mimi nilioa hivyo hivyo, na mke wangu alikaa siku nne bila kuniambia kuwa chai yangu anaiona tamu mno. Somo ndiye aliyeniambia.

Siku hiyo hiyo redio ilikuwa imeshaanza kutaja kimbunga. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa ikikifuata huko kusini, jina lake Hidaya, na sisi watu wa visiwani kimbunga si neno tunalolizoea. Wazee wanayo ile moja: Aprili ya 1872, upepo ulioilaza mikarafuu ya Unguja, ukaipita Pemba kwa sehemu kubwa, na tokea hapo karafuu ikawa ya Pemba. Kwa hiyo bibi aliponipigia tena usiku, sikusikia hofu. Alisema hivi tu: "Upepo unakuja, na mjukuu wangu yuko ufukweni kwa watu. Kesho baada ya sala ya Ijumaa nataka kumuona."

Nikampelekea mume maneno hayo nikiyavisha nguo. Nilimwambia bahari si nzuri, hoteli iko wazi mno kwa upepo, boti ya Jumapili sina uhakika nayo, na mahali pa salama ninapopajua ni nyumba moja ya mawe Wete. Sikusema "bibi amekasirika". Akafikiri. Akauliza kuhusu zile siku mbili zilizobaki hotelini, zilizokwishalipiwa. Tukaenda kuuliza, jibu likawa pesa hairudi, na karatasi aliyotia saini ilisema hivyo hivyo. Alinuna, mhasibu yule, kisha akakunja jedwali lake akalitia mfukoni. Mke alipoambiwa wanahamia kwa bibi hakusema kitu. Alifunga mabegi yote mawili kwa dakika kumi.

Ijumaa ya Mei 3, baada ya sala, tuliingia Wete. Njiani mume aliniuliza amlipe bibi kiasi gani kwa malazi. Nilisimamisha gari pembeni. Nikamwambia shemegi, ukitoa pesa ya malazi pale, mimi na wewe sote tutarudi Dar kwa kuogelea. Tukapita dukani: doti mbili za kanga, moja ya bibi na moja ya somo, mchele, sukari, majani ya chai, sabuni. Kanga nilichagua mimi jina lake, maana jina la kanga likikosewa ni vita nyengine.

Sitasema mengi ya ndani; si yangu na sikuwamo. Nilichokiona ni cha mlangoni. Mvua ilikuwa ikipiga mabati kiasi kwamba ukizungumza lazima uiname. Watoto wote wa nyumba walikuwa wamepelekwa kwa jirani, wale kumi na tano aliowaogopa. Wajomba walikuja, wakampa mume mkono, wakaondoka. Ndani moshi wa udi, na mlangoni kikuba cha asumini. Bibi alimtazama bwana harusi kuanzia kichwani hadi miguuni, akamuuliza somo kwa sauti ambayo sote tuliisikia: "Kwani huyu huko alikuwa anakula nini?" Jioni nikaona sinia inaingia: supu ya kuku, mkate wa mofa, na bakuli la pweza wa nazi. Nikataka kusema pweza hali. Somo akanizuia kwa jicho. Sinia ikatoka, bakuli liko tupu.

Jumamosi Mei 4 Hidaya ilifika Mafia ikiwa imeshapungua nguvu. Safari za boti zilikuwa zimesimamishwa. Pale Wete tulipata upepo na mvua, migomba kadhaa ikalala, na hiyo Jumapili ya kurudi ikapita bila mtu kuitaja. Nilipokwenda kuwaangalia nilimkuta mume barazani, kikoi kiunoni, amekaa na mzee mmoja wanabishana bei ya karafuu. Hakuniuliza ratiba. Mke alikuwa dirishani, liwa usoni, anacheka na somo kwa jambo ambalo nadhani lilimhusu mumewe, kwa sababu mumewe aligeuka akasema, "Nasikia!"

Nani alikosea? Bwana harusi alikosea kidogo: alifikiri ukweni ni mahali pa kukimbiwa, na hakuna aliyemwambia kuwa siku saba zile ndizo pekee ambazo ukweni hukuacha. Bi harusi alikosea kwa kutegemea kuwa "Pemba" ina maana moja. Bibi naye, nasema kwa heshima zote, angeweza kupiga simu Machi badala ya Mei. Lakini mwenye kazi alikuwa mimi. Mtu wa Tabora anachagua masika, kisiwa cha mbali, boti mbili, badala ya Nungwi iliyo njiani. Ilikuwa lazima nione kuwa kuna mtu nyuma ya chaguo lile. Niliona jedwali zuri nikaacha kufikiri. Sasa anayenipigia kuhusu fungate namuuliza kwanza kama mmoja wao ana jamaa hapa, na nikisikia ndiyo, naomba nizungumze na kila mmoja peke yake. Wengine hukasirika. Mmoja aliniuliza kama mimi ni dereva au kadhi.

Na hoteli siziachi. Zimo katika kazi yangu, na kwa wengine ndizo hasa. Wapo maharusi ambao usipowatoa nyumbani kwao watagombana na shangazi kabla ya walima kuisha. Ila ninapowapeleka huko nawaambia wazi kuwa pale hakuna wa kuwabebea maneno.

Jumatatu Mei 6 niliwashusha Mkoani. Mabegi mawili yamekuwa manne: halua, mkungu wa mkono wa tembo, mafuta ya nazi, chupa ya singo iliyobaki. Mume alikuwa amechelewa kazini na alikuwa ameshatoa taarifa. Bibi hakuja bandarini, bali alipiga simu, na hakumtaka mjukuu wake, alinitaka mimi.

"Wamelala kwangu usiku mingapi?"

"Mitatu, bibi. Ijumaa, Jumamosi, Jumapili."

"Kule kwengine sikuhesabu."

"Sawa, bibi."

"Basi waambie wananidai nne. Au mimi nawadai. Waambie tu nne."

Nikawaambia, boti inapiga honi. Mume akatoa lile jedwali mfukoni, limelowa na kukauka mara mbili, akaandika nyuma yake. Mwezi wa Disemba alinipigia kuuliza kama karafuu bado zinaanikwa, na akataka gari kwa siku nne.